Filtre ya mafuta: mazungumzo na wanachama wenye pikipiki

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Uvira. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, juu ya wale ambao hawakuweza kufika.

Kamati imetuomba sisi wa timu ya pikipiki tuongee juu ya kitu kidogo, filtre ya mafuta. Tunasikia wengine wanacheka pale nyuma, eti mkutano mzima juu ya kiplastiki kinachoenea ndani ya kiganja. Sawa, chekeni, lakini mkitoka hapa pitieni daftari la verseman. Wiki ambazo pikipiki ya chama haikuleta kitu, sababu inayoandikwa mara kwa mara ni "imezima njiani". Na tukiifungua, mara nyingi injini iko nzima. Mafuta ndiyo hayafiki. Pikipiki ikilala, verseman inalala, na yule mwanachama anayengoja zamu yake ya mkopo anangoja tena.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana tumetoka pahali pengi. Hapa kwetu pikipiki tunaiita moto, na moto wa kupikia pia ni moto. Leo tutasema pikipiki, na tukisema moto mjue ni ule unaounguza. Neno la pili lina hatari zaidi. Sisi tulioishi Kigoma, wa Lugufu na wa Nyarugusu, tulizoea kusema petroli kwa mafuta yanayoendesha pikipiki. Hapa Kongo petroli ni mafuta ya taa. Ya pikipiki ni esansi, na dizeli ndiyo mazutu. Ndugu aliyeshuka jana kutoka Tanzania akisimama kwa kadhafi pembeni ya barabara na kusema "nijazie petroli", kadhafi atamjazia sawa alivyoomba, wala hana kosa. Pikipiki itaenda kidogo na ile esansi iliyobaki, kisha moshi, kisha kimya. Filtre haitamsaidia kitu: kazi yake ni kuzuia uchafu, haijui kutofautisha esansi na mafuta ya taa. Wale wanaopokea ndugu wanaorudi sasa, waambieni hili siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha soko.

Sasa uchafu unatoka wapi? Esansi ya Uvira inafika kwa njia nyingi, kwa maboti mpaka bandari ya Kalundu, kwa magari, kwa mpaka wa Kavimvira. Miaka hii Burundi ilipokosa mafuta tuliona watu wakivuka kutoka Bujumbura kuja kununua huku kwetu, bido juu ya bido. Kila anayemimina ana faneli yake, bido yake na kitambaa chake cha kuchujia. Kile kitambaa tunakiamini sana, lakini nacho kinaacha nyuzi zake ndani. Kisha kuna vumbi la barabara, linaloingia kila mara mnapofungua kifuniko. Kisha kuna kutu. Tanki ya chuma ikilala nusu tupu huku kando ya ziwa, unyevu wa usiku unageuka matone ndani yake, matone yanashuka chini juu ya uzito wao, na kutu inaanza pale pale chini ambapo esansi inatokea. Na kuna pikipiki zilizozama. Mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipoingia katika nyumba za watu, na maji ya ziwa yaliyopanda miaka iliyofuata, yaliacha pikipiki nyingi mjini zikiwa ndani ya tope. Zimeoshwa nje, zimepakwa rangi, zimeuzwa. Ndani ya tanki hakuna aliyeosha. Ukinunua pikipiki ya mkono wa pili hapa, fungua kifuniko, mulika na tochi, angalia chini. Tochi, hatukusema kibiriti.

Filtre inakaa kati ya robine ya tanki na karbirateri, ile wengine wanaita kabureta. Ni kopo dogo la plastiki, mara nyingi linaonekana ndani, na katikati kuna karatasi iliyokunjwa-kunjwa ao wavu mwembamba. Esansi inaingia upande mmoja, inapita kwenye karatasi, inatoka upande wa pili bila mchanga. Pikipiki nyingine haina kopo hilo, ina wavu tu juu ya robine ndani ya tanki na kikombe kidogo chini yake. Hiyo mnafungua na kuosha. Zile pikipiki mpya zenye pampu ya umeme ndani ya tanki, msiziguse. Mafuta yale yako na nguvu ya kusukuma, ni kazi ya fundi aliyeyasomea.

Juu ya nini mchanga kidogo namna hii usimamishe injini? Ndani ya kabureta esansi inapita kwenye matundu ya shaba, jikleri. Lile la kusaidia injini ikiwa inanguruma polepole ni jembamba sana, chini ya nusu ya milimita. Chembe moja ya kutu inaliziba. Na filtre yenyewe ikijaa, hata kama jikleri ni safi, esansi inapita kwa kudonda-donda. Kwenye barabara tambarare hutasikia kitu. Ukipakia watu wawili na gunia, ukaanza kupanda, injini inataka mafuta mengi, hayaji, inaanza kuruka-ruka na kukohoa, kisha inazima. Unasimama, unatukana, unavuta pumzi dakika tano, unapiga kiki, inawaka! Ni kwa sababu kabureta ilipata muda wa kujaa tena polepole. Inaenda kidogo, inazima tena. Wengi hapo wanakimbilia buji, wananunua buji mpya, na shida inabaki.

Kuna njia ya kujua bila kufungua kitu. Ikianza kuzima namna hiyo, fungua kifuniko cha tanki na uendeshe taratibu hatua chache. Kama inapona, tundu la hewa la kifuniko ndilo limeziba, filtre haina shida. Kama haiponi, vuta choki kidogo wakati inakohoa. Ikipata nguvu kwa choki, inakuambia ina njaa ya mafuta. Toa na buji uiangalie: ncha nyeupe kama chokaa inasema hivyo hivyo. Kisha angalia filtre kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi ao kahawia, ao esansi imesimama upande mmoja na upande wa kabureta uko karibu tupu wakati injini inakimbia, imekwisha. Msiipulizie upepo kwa kwado mkairudisha. Ile ya karatasi ukiipuliza inapasuka pahali usipopaona, na kuanzia hapo inapitisha kila kitu huku ukijisifu kwamba umeokoa feza.

Tuseme na lile la mafundi. Msimu mmoja wa mvua, pikipiki ya chama ilikuwa inaleta mama mjamzito kutoka upande wa Swima kuja hospitali Uvira. Ilizima kabla ya Makobola, ikapumzika, ikawaka, ikazima. Mara ya tatu giza lilikuwa limeshaingia, na barabara ile na saa ile mnazijua, hatuna haja ya kueleza. Mama alifika kwa pikipiki ya mpita njia ambaye alikataa hata feza ya esansi, na mtoto alizaliwa salama. Kesho yake tulifungua pikipiki. Filtre haikuwepo. Fundi mmoja, jina lake tuliache, alikuwa ameitoa na kuunganisha mpira moja kwa moja, eti "ivute muzuri". Ndani ya kabureta kulikuwa na unga wa kutu wa kujaa kijiko. Injini ikikimbia, unga unavutwa kwenye jikleri. Ikizima, unga unaanguka chini, basi inawaka tena. Ndiyo maana ilikuwa inacheza na yule motari namna ile.

Tumesikia fundi akisema filtre ni anasa ya pikipiki za mji. Tunakataa. Pikipiki ya mji inakunywa kwenye pompi, ya kwetu inakunywa kwenye chupa ya maji iliyojazwa esansi. Nani anahitaji filtre zaidi? Na kuna hatari kubwa kuliko kuzima. Kabureta ina sindano ndogo inayofunga esansi ikishajaa. Chembe ikikaa chini ya sindano hiyo, esansi haifungwi tena. Inafurika, inadonda nje juu ya injini yenye moto, ao inaingia ndani kimya usiku na kuharibu oili. Mtu akisikia harufu ya esansi asubuhi pale pikipiki ilipolala, asipige kiki.

Hapa tunaomba tutulie kidogo. Kabla ya kushika turnevisi, tukumbuke Sange. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka pale Sange, katika bonde la Ruzizi, barabara hii hii tunayopita kwenda Kamanyola. Esansi ilimwagika, watu wakaja kuchota, na wengine walikuwa wamejaa katika nyumba ya video wakiangalia Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 230, na walizikwa pamoja katika makaburi ya wengi. Kati yetu hapa kuna wenye ndugu kule. Hatukuleta jina hilo kwa kutisha watoto. Tunalileta kwa sababu esansi ya kujaza kikombe ina tabia ile ile ya esansi ya lori. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauruki juu, unatambaa chini, unafika kwenye mbabula ya jirani bila wewe kuuona, na moto unarudi kwako kwa njia ile ile.

Kwa hiyo filtre inabadilishwa nje, pahali pa upepo, mchana. Hakuna sigara, hakuna mbabula karibu, hakuna mtu anayechomelea vyuma uwanja wa pili, hakuna simu ya kumulikia iliyochomekwa kwenye jenereta. Injini iwe imepoa kabisa. Watoto mbali. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Maji usimwage juu ya esansi inayowaka, maana inaelea juu yake na kutembea nayo.

Vitu vya kutafuta ni vichache: filtre mpya yenye midomo ya ukubwa sawa na mpira wako, pense, kisu kikali, kopo la chuma, kitambaa. Filtre haizidi bei ya litre moja ao mbili za esansi. Chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani, usiseme tu "nipe ya TVS" ao "ya Boxer". Mdomo ukiwa mkubwa, mpira unapasuka. Ukiwa mdogo, unavuja. Usikubali ile kubwa ya gari kwa kuwa ni nzuri kuangalia. Itaegemea injini na kuyeyuka.

Funga robine. Weka kopo chini. Kwa pense bana kile kibanio cha waya, kisukume nyuma juu ya mpira. Sasa usivute mpira kwa nguvu, uzungushe kwanza kushoto na kulia mpaka ulegee, kisha utoe. Esansi iliyobaki itashuka kwenye kopo. Toa na upande wa pili. Hapo angalia mpira wenyewe: ukiwa mgumu kama ukuni ao una mipasuko midogo, ubadilishe pamoja, usifunge kipira kipya cha plastiki kwenye mpira uliooza. Ikiwa ncha tu ndiyo ngumu, na urefu unatosha, kata sentimita moja.

Filtre mpya ina mshale. Mshale unaangalia kabureta, daima. Tumekuta nyingi zimegeuzwa. Zinafanya kazi kwa muda, lakini uchafu unajaa ndani ya mikunjo pasipoonekana, na siku ya kuziba hujui. Ingiza midomo mpaka mwisho, rudisha vibanio, angalia mpira haujikunji na haugusi silinda wala egzosi. Fungua robine. Esansi itaingia polepole. Povu la hewa kubaki juu si shida, msianze kugonga-gonga. Ngoja dakika mbili tatu, pitisha kidole kavu chini ya kila kiungo. Kidole kikirudi kikavu, piga kiki.

Kwa wale wamama wetu wenye skuta, kuna tofauti. Tanki iko chini ya kiti ao chini ya miguu, na robine nyingi za skuta hazina mkono wa kufunga. Zinafunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, kwa mpira mwembamba wa pili. Msichanganye mipira hiyo miwili. Filtre iko kwenye ule mnene. Ukishabadilisha, filtre itaonekana tupu, maana esansi haiji mpaka injini izunguke. Usifikiri umeharibu. Bonyeza startere sekunde chache, pumzisha betri, rudia. Tanki ikiwa chini kuliko kabureta, kuna na pampu ndogo pale kati, nayo inahitaji muda huo huo.

Mambo matatu ambayo hatutaki kuyaona tena. Kunyonya mpira kwa mdomo: esansi ikiingia kwenye mapafu inaua, na aliyeimeza msimtapishe, mpelekeni kituo cha afya. Kuosha mikono na esansi. Na ile esansi ya kopo kumwagwa ziwani ao kwenye mfereji unaoshuka Kalimabenge. Maji yale tunayanywa. Iache ile esansi itulie kwenye chupa inayoonekana ndani, uchafu na maji vikae chini, ya juu uirudishe polepole kwenye tanki. Na chupa hiyo isiingie nyumbani. Mtoto mwenye kiu hajui kwamba chupa ya maji ina esansi.

Tumetaja maji, na hapo filtre ina mpaka wake. Tope inazuia, maji haizuii sawasawa. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Katika msimu wa mvua, kila Jumapili, funga robine, fungua skrubu hiyo juu ya kopo. Ukiona matone yanakimbia-kimbia chini kama zebaki, ni maji. Siku hiyo hiyo angalia filtre kwenye mwanga. Sisi timu tumeamua kwa pikipiki za chama: filtre mpya mvua zinapoanza, nyingine mvua zinapokatika, na wakati wowote ikigeuka rangi. Kitabu cha pikipiki yako kikisema mapema zaidi, fuata kitabu. Na mnunue kwa kadhafi mmoja mnayemjua, mwenye bido safi. Bei ya chini ya franga mia kwa mtu usiyemjua, mtailipa Makobola.

Neno kwa wafadhili wetu, na tunalisema kwa heshima. Pikipiki mlizotusaidia kupata zimefanya kazi ambayo barua haienei kuieleza, kutoka Uvira mpaka Baraka, karibu kilomita 90, na kurudi. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma tangu 2005 na mzigo wa UNHCR kichwani. Tunajua thamani ya chombo. Lakini katika karatasi za miradi, mstari wa pikipiki uko mkubwa na mstari wa matengenezo uko mdogo ao haupo. Mara mbili tumeomba feza ya vipuri tukajibiwa kwamba vipuri si "matokeo". Tunaomba mtusikilize vizuri: tukichagua kati ya pikipiki moja ya nyongeza, na boksi ya filtre, mipira, vibanio na buji kwa zile tulizo nazo, leo tungechagua boksi. Mwaka ujao mkija kuzihesabu, tungependa mzikute barabarani.

Kamati imeshakubali jambo moja dogo. Kutoka kila verseman, kiasi kidogo kinawekwa pembeni, hakichanganyiki na likelemba, kinanunua vipuri tu. Mama mweka hazina anakaa na ufunguo wa boksi. Motari analeta filtre ya zamani, anapewa mpya, anatia saini. Bila ya zamani hakuna mpya. Tunajua vijana wawili watanung'unika, na tunawajua.

Maswali tutayachukua nje. Pikipiki iko chini ya mwembe tangu asubuhi, imepoa, robine imefungwa, ndoo ya mchanga iko pale. Leo hatutashika pense sisi. Itashikwa na wale ambao hawajawahi kubadilisha, tukianza na wamama. Sigara na vibiriti viachwe hapa juu ya meza, mtavikuta mkirudi.